Mama wa Jaladani

Jarida la chama chetu cha waogeleaji lilikuwa na kazi moja iliyoeleweka na kila mtu: kukaliwa. Asubuhi za Kigali ni za baridi, na viti vya saruji kando ya bwawa hubaki na umande hata jua likishatoka. Basi mtu alikuwa akipita mapokezi, anachukua nakala mbili kwenye rundo, anazitandika, anakaa, anavaa miwani yake ya kuogelea na kuingia majini. Akitoka anaziacha pale pale, zimelowa, na wafanyakazi wa usafi wanazizoa pamoja na vikombe vya chai.

Sikumlaumu mtu. Hata mimi nililikalia.

Chama chenyewe ni cha watu wazima tu. Wengi wetu tulijifunza kuogelea tukiwa tumeshaanza kuota mvi, wengine tukiwa na wajukuu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari. Nilizaliwa Tanzania, upande wa Ngara, katika familia ya Wanyarwanda waliokimbilia huko zamani, na kwetu maji yalikuwa ya kuteka na kuondoka. Bibi alitufundisha kwamba mtoni huendi kucheza. Baadaye tulirudi Rwanda. Nasema tulirudi ingawa mimi sikuwa nimewahi kufika. Nikaolewa, nikazaa, nikafundisha, na sikuwahi kuingia kwenye maji yaliyozidi magoti mpaka daktari aliponiambia kwamba mgongo wangu unahitaji bwawa kuliko vidonge.

Jarida lilitoka mara chache kwa mwaka, kwa Kiingereza kitupu, kwenye karatasi ya kung'aa. Jaladani palikuwa na kijana wa nchi nisiyoijua, kifua kama ngao, anachomoza kutoka baharini. Sisi hatuna bahari. Ndani mlikuwa na hotuba ya mwenyekiti, matokeo ya mashindano waliyoshiriki watu wale wale wachache, na matangazo ya hoteli inayotupangishia bwawa. Ungelisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho usingejua kwamba katika chama kile kuna mtu hata mmoja aliyewahi kupaliwa na maji.

Mwenyekiti wetu hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lijulikane mapema. Alikulia Kampala, ni afisa wa benki, mwogeleaji kweli kweli. Anafika bwawani kabla ya wote na anajua majina ya watoto wetu. Jumamosi moja alinijia akiwa anatoa maji sikioni.

"Mwalimu, jarida letu halisomwi. Wewe unajua lugha. Hebu litengeneze."

"Nitengeneze lugha au nitengeneze jarida?"

Akacheka. "Jarida."

Neno hilo nililishika kwa mikono miwili.

Nilianza kwa kuuliza. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nikitoka majini mapema, najifunga kitenge, nakaa karibu na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na kila anayepita namuuliza angependa kusoma nini. Hakuna aliyetaja matokeo ya mashindano. Mwanamke mmoja alitaka kujua afanye nini na nywele zake, maana dawa ya bwawa ilikuwa inazila. Mwingine alitaka kujua atamwambiaje mumewe kwamba kocha ni mwanamume na kwamba humshika kiuno ili asizame. Mhasibu mmoja, bwana mrefu mwenye sauti nzito, alitazama kushoto na kulia kwanza.

"Andika kuhusu woga," alisema. "Nimekuja hapa mwaka mzima na sijawahi kuzamisha kichwa. Watu wanadhani pale ukutani napumzika. Sipumziki, mwalimu. Naogopa."

Halafu nikamuuliza mama mmoja mwenye duka mtaani kwetu Niboye. Ni kwake ninakonunua maharage na unga. Alikuwa ameshapita sitini, mjane, mnene, mwenye cheko linalosikika hadi barabara ya pili. Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha huko kilichochanganyika na Kinyarwanda cha hapa, Kiswahili ambacho hakijawahi kuzionea huruma ngeli ninazofundisha, na bwawa kwake ni pisine.

"Mwarimu, mimi hiyo jarida naangalia picha tu," aliniambia. "Na picha yote iko ya watu siwajui. Nani kati yao alishakunywa maji ya hii pisine kama mimi?"

Nilirudi nyumbani, nikaanza kuandika.

Niliandika kwa lugha tatu, Kinyarwanda na Kiswahili zikikaa sawasawa na Kiingereza, si chini yake kwa herufi ndogo. Nywele zilipata ukurasa wao. Swali la mume na kocha lilipata ukurasa wake, na nilimwomba kocha mwenyewe atoe jibu. Mhasibu aliandika kuhusu woga kwa mkono wake, na alipomaliza akaniambia niweke jina lake kamili, kwa sababu amechoka kujificha. Matokeo ya mashindano niliyasogeza nyuma, karibu na matangazo.

Likabaki jalada. Dada mmoja mwanachama, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi, alikuja na kamera. Nilimwomba asimpange mtu yeyote, azunguke tu kando ya bwawa na kupiga anachokiona.

Siku zile yule mama wa duka alikuwa anajifunza kulala chali. Mwili wake ulikuwa umekataa kwa muda mrefu: akiinua miguu tu, kiuno kinazama, naye anasimama akikohoa na kumcheka kocha kana kwamba kosa ni la kocha. Asubuhi ile alijiachia. Masikio yalizama, mikono ikapanuka, tumbo likaibuka juu ya maji kama mkate ulioumuka. Nguo yake nyekundu ya kuogelea, ya mikono mirefu, aliyoshonewa na fundi wa Nyakabanda, ilitanda kumzunguka. Mdomo ulikuwa wazi kwa cheko, na meno yalionekana, yaliyobaki pamoja na nafasi za yaliyong'oka.

Tulipoitazama picha kwenye kioo kidogo cha kamera, nilisema, "Hili ndilo jalada."

Mama alijifuta macho, akainama kuangalia. "Eh! Huyu mkubwa hivi ni mimi?" Akaitazama tena, muda mrefu kidogo. "Iko sawa. Mwarimu, usikate tumbo."

Nikamwahidi kwamba halitakatwa.

Kamati ilikutana mjini, katika chumba cha mikutano cha ofisi ya mmoja wao. Kulikuwa na chai ya maziwa na sambusa. Walizisifu kurasa za ndani, wakacheka waliposoma jibu la kocha. Kisha nikaweka jalada mezani, na kila mtu akakumbuka sambusa yake.

Mwenyekiti alivua miwani. "Mwalimu, huyu ni mama yetu."

"Ndiyo."

"Namheshimu. Ndiyo maana siwezi kumwanika hivi."

Mweka hazina alikohoa. "Na tuwafikirie watu wa hoteli. Wao wanatangaza humu. Wanataka mtu akiona jarida atamani kuja kuogelea. Si aone…"

"Aone nini?" nikamuuliza.

Hakumalizia. Nimesahihisha insha nyingi maishani mwangu, na sentensi ile sikuhitaji amalizie.

Mwenyekiti, kwa upole wake, akaleta suluhu. "Wanawake wa umri wake wana hadithi za wakati wa mauaji. Sote tunajua. Muulize alipitia nini, uandike ukurasa mmoja wa kugusa moyo, uweke na uso wake, huko ndani. Watu watalia, watasoma. Jaladani tutafute kitu kingine."

Mwili wa mama yule ukiwa na furaha ulikuwa aibu, lakini machozi yake yalifaa kuchapishwa. Nilitaka kusema hivyo hivyo, na nilisema. Mweka hazina aliniambia nisiwe mkali. Nikamwambia mimi si mkali, nina hasira, na kwamba picha ni ya mwenyewe, hivyo nitampelekea suluhu yao aiamue mwenyewe.

Nilikwenda Jumapili mchana, baada ya misa. Mvua ilikuwa inanyesha na dukani hapakuwa na mteja. Mama alikuwa bado na nguo za kanisani, amekaa nyuma ya meza akichambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza kila kitu bila kupunguza. Nilipofika kwenye ukurasa wa kugusa moyo, mikono yake ilisimama.

"Wanataka nilie," alisema.

"Wanataka usimulie."

"Ni kitu moja." Alitupa kokoto mlangoni. "Mwarimu, wafu wangu wako na siku yao. Nawaombea kanisani, nawaombea hapa nikifunga duka. Kwenye pisine siwapeleki. Kule naenda kuogelea. Andika hivyo. Andika: huyu mama anaogelea mugongo. Basi."

Tulikuwa bado tunaongea gari liliposimama nje. Alikuwa mwanawe mkubwa, kijana wa ofisini, shati limepigwa pasi, simu mkononi. Mtu fulani wa kamati alikuwa amemrushia picha. Alinisalimia kwa sababu alilelewa vizuri, lakini hakukaa.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nakuheshimu," alisema. "Umemvua mama yangu nguo mbele ya mji mzima."

"Amevaa kuliko nusu ya watu waliokuja misani leo."

"Nyamaza, mwarimu," mama alinikatiza. "Huyu ni wangu."

Akamgeukia mwanawe na kuhamia Kinyarwanda, ambacho nakiweka hapa kwa Kiswahili changu. "Tatizo ni nguo?"

"Si nguo, mama. Watu watasema. Wenzangu kazini wataiona. Umelala pale, tumbo juu…"

"Tumbo hili ulikaa ndani yake na hukulipa hata kodi. Leo ndiyo unalionea aibu?"

Yule kijana alitia simu mfukoni. Kisha alisema neno ambalo nadhani ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo: "Watakucheka, mama. Sitaki wakucheke."

Mama alimtazama kwa huruma, lakini hakurudi nyuma. "Waliniona nikiwa nimebeba magunia, hawakucheka. Waliniona nikimzika baba yako, hawakucheka. Sasa wanione nimepumzika. Wakicheka, watakuwa wanacheka na mimi, kwa sababu pale nilikuwa nimeanza kucheka kabla yao."

Aliondoka bila kuaga. Gari lilipopinda kona, mama alirudia ungo wake, akaanza kuchambua upya maharage aliyokwisha kuyachambua. Nilimuuliza kama anataka tuache. Alinitazama kama nimemtukana.

"Mimi nimeshasema."

Jioni ile nilimpigia simu mwenyekiti. Nilimwambia mama amekataa ukurasa wa machozi, nami nimekataa pamoja naye.

"Basi nitawaambia wachapaji waweke jalada la kawaida," alisema, bila kupandisha sauti.

"Waambie. Waambie pia waondoe jina langu na kurasa zangu zote. Zile za mhasibu mwombe mwenyewe."

"Mwalimu, bila hizo hakuna jarida."

"Najua."

Nikamwambia kwamba jarida ni la wanachama, si langu wala si la kamati, hivyo awaulize wao. Na kwa sababu ni mtu wa haki hata anapokosea, alikubali.

Jumamosi iliyofuata tulikutana sehemu ya kina kifupi, maji kifuani. Ukungu ulikuwa bado umekaa bondeni na maji yalikuwa ya baridi hasa. Kuna kitu hutokea watu wanapokosa suti zao. Mwenyekiti alikuwa na tumbo dogo nililokuwa sijawahi kuliangalia, mweka hazina alikuwa na kovu begani, mimi nina mapaja yangu. Tulikuwa miili tu, inayotetemeka.

Mwenyekiti alieleza jambo lenyewe bila kuongeza wala kupunguza. Alisema anachokiogopa, akasema pia ninachokitaka. Picha ilikuwa imeshazunguka kwenye kundi letu la simu, hivyo hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. "Wanaokubali jalada hili wainue mikono," alisema.

"Hapana," mama alisema. Sauti yake ilijaa bwawa zima. "Mikono munainuanga kwa kila kitu, hata kwa kitu hamutaki. Anayekubali, alale chali."

Wengine walicheka wakidhani ni utani. Mama hakucheka. Alipanua mikono, akarudisha kichwa nyuma, akalala.

Dada wa kamera alimfuata. Kisha mwanamke wa nywele, kisha wawili watatu kwa pamoja. Wasiojua kuelea walijaribu, wakazama, wakaibuka wakitema maji, wakajaribu tena. Mhasibu alishika ukingo kwa mkono mmoja, akainua miguu, akaanza kulaza kichwa polepole, macho ameyafumba kwa nguvu, mpaka maji yakamwingia masikioni. Alibaki hivyo. Midomo yake ilikuwa inatembea, nadhani alikuwa anasali.

Nami nikalala. Ukiwa chali huwezi kuhesabu kura. Unaona mawingu tu, na unasikia moyo wako ndani ya maji. Sikujua tuko wangapi na kwa dakika ile sikujali. Nilijua tu kwamba siinuki mimi kwanza.

Tulipoinuka, mweka hazina alikuwa ameshatoka, anajikausha. Watu kadhaa walikuwa wamesimama mikono imefumbatwa, hawakututazama usoni. Mwenyekiti naye alikuwa amesimama pale pale alipokuwa.

"Nimeona," alisema.

Mchana ule aliwapigia wachapaji yeye mwenyewe, waweke picha ya mama.

Sitadai kwamba kila mtu alifurahi. Hoteli iliondoa matangazo yake, na jarida likawa jembamba, kurasa za ndani nyeusi na nyeupe. Haikupita muda wakatusogeza kutoka saa yetu ya zamani hadi alfajiri, saa ambayo wageni wao bado wamelala na maji yanakata mifupa. Walidhani tutapungua. Tulikwenda alfajiri hiyo hiyo, na makoti juu ya nguo za kuogelea. Mweka hazina alijiuzulu, akahamia chama kingine pamoja na rafiki zake. Kamati ikapitisha kanuni kwamba kila jalada lazima lipitiwe na watu watatu. Nimeisoma kanuni hiyo. Nawaletea jalada walipitie, na wakileta kijana wa baharini nawarudishia.

Mwenyekiti na mimi tunaogelea njia zinazopakana. Siku moja, tukiwa tumeshika ukuta tukivuta pumzi, aliniambia, "Mwalimu, bado nafikiri ulikosea."

"Na mimi bado nafikiri ulitaka kutuficha."

Alitikisa kichwa, akacheka kidogo, akajisukuma ukutani na kuniacha mbali, maana kwa kasi hatutalingana kamwe.

Mama nilimpelekea nakala zake dukani mimi mwenyewe, nikiwa nyuma ya pikipiki, nimezikumbatia kifuani zisilowe. Alichukua moja akaibandika ukutani kwa misumari midogo, juu ya magunia ya unga, mahali ambapo mteja hawezi kukosa kuiona. Nilikuwapo mwanamke wa kwanza alipoingia, akaitazama picha, akamtazama mama, akairudia picha.

"Huyu ni wewe? Huoni haya?"

Mama alikuwa anampimia maharage. Aliongeza kiganja kimoja juu ya mzani, kama anavyofanya kwa kila mteja, akafunga mfuko.

"Haya naona," alimwambia. "Iko kwako. Yangu niliacha kule ndani ya maji."

Mwanawe alikuja tena baada ya muda, na siku hiyo pia nilikuwapo, nimefuata unga. Aliiona picha kabla ya kutusalimia. Alisimama mbele yake, mikono mfukoni. Kisha akanyoosha mkono, akang'oa misumari ya juu, na karatasi ikainama.

"Rudisha," mama alisema.

"Mama…"

"Nimesema rudisha."

Niliangalia pembeni, kwa sababu mtu mzima anapoamrishwa na mama yake hahitaji shahidi. Nilisikia msumari ukigongwa kwa kitu kizito, labda jiwe la mizani. Nilipogeuka, jarida lilikuwa limerudi ukutani, limenyooka kuliko mama alivyolibandika, na kijana alikuwa amekunja mikono ya shati lake jeupe, ameinama, anainua gunia la unga aliingize ndani.